Usiufiche Mkono Wako Chini ya Karatasi

Mdogo wangu, njoo tukae. Weka simu kando kidogo, maana leo nataka tuzungumze habari za zile kazi unazosukuma mvunguni mgeni akibisha mlango. Najua zipo. Wengi wenu mnaopanga Makongeni, Kiganjo na Kiandutu, na nyinyi wa upande wa Ruiru kule Kihunguro na Gatong'ora, maisha yenu yanafanana: mchana kibarua, usiku mkasi na gundi. Mnakata magazeti, mnachana pakiti, mnabandika kwenye kipande cha katoni, kisha mnachora juu yake kwa biro. Mkiulizwa mnajibu, "Aa, ni vitu tu vya kupitisha wakati." Hapana. Kitu cha kupitisha wakati hakifichwi. Mtu huficha anachokipenda na anachoogopa kuchekwa kwa ajili yake.

Na kucheka kupo, sitakudanganya. Tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni, watoto wa gredi ya nne hutumwa nyumbani na kazi ya kolaji na mozaiki, na mama aliyetoka zamu usiku huanza kuzunguka ploti nzima akiomba magazeti ya zamani na maganda ya mayai. Kwa hiyo majirani wakikuona wewe, mtu mzima mwenye kitambulisho, umeinamia pakiti ya unga na wembe mkononi, wanakuuliza hiyo homuweki ni ya mtoto gani. Swali hilo linauma. Linauma zaidi likitoka kwa mtu mnayekula naye sahani moja. Ndipo unapoinuka, unakunja kazi, unaisukuma chini ya kitanda, na siku nyingine huitoi. Nimeona wengi wakiacha hivyo, kimya kimya, bila ugomvi na mtu, na baada ya mwaka ukiwauliza wanasema wamekua.

Basi sikiliza habari za Rosemary Karuga uzishike, utazihitaji siku ya kuchekwa. Alizaliwa Meru mwaka 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Kuanzia 1950 hadi 1952 alisoma sanaa Makerere, kwenye skuli ile aliyoianzisha Margaret Trowell, na ndiye mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Mtu wa hivyo ungetarajia avume papo hapo. Wapi! Alirudi Kenya, akaolewa, akalea watoto, akashika chaki na kufundisha miaka na miaka. Alikuwa akikaribia miaka 60, baada ya kustaafu, ndipo aliposhika kazi yake mwenyewe kwa mikono miwili, akapata nafasi Paa ya Paa, kituo cha Elimo Njau kule Ridgeways. Rangi na turubai zilikuwa ghali, pesa hakuwa nazo. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona. Akachukua pakiti za unga. Akazikata vipande vidogo vidogo, akavipanga kimoja kimoja mpaka vikawa kuku, vikawa watu, vikawa maisha ya kijijini unayoweza kuyatambua ukiwa umesimama mbali. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum kule Harlem, New York. Ni yeye pia aliyetengeneza kolaji za kusindikiza hadithi ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Alifariki Februari 2021 nchini Ireland, ametimiza miaka 92.

Mimi huifikiria ile miaka ya katikati, mdogo wangu, na moyo hunibana. Kuna watu husoma habari zake wakapumua kwa raha, wakasema kumbe nikianza na miaka 60 bado nitafika. Wewe usizisome hivyo. Zisome ukijiuliza tungekuwa na kuku wangapi wa Karuga kama angepata gundi na nafasi akiwa na miaka 30. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Halafu zisome tena uone ile pakiti ya unga, maana hapo ndipo tunapoelekea.

Kila wiki kuna mmoja wenu anayeniambia hawezi kuanza mpaka apate karatasi maalumu, penseli za seti, gundi ya dukani Nairobi. Mchagua jembe si mkulima. Na wewe unakaa Thika! Mji huu unasaga, unaoka, unafuma na kufunga mchana na usiku. Capwell wanafunga unga wa Soko hapa hapa. Bidco wanatengeneza mafuta ya kupikia, Del Monte wanatia mananasi mikebeni, Thika Cloth Mills wanafuma vitambaa, Broadways wanaoka mkate, na ukishuka Ruiru utawakuta Spinners and Spinners na mablanketi yao. Kila kinachotoka kwenye malango hayo kimevaa karatasi, katoni, lebo au kitambaa, na mavazi hayo mwishowe yanavuliwa jikoni kwako. Wafaransa na Wamarekani wananunua karatasi za rangi madukani ili wakate. Wewe unazikanyaga ukienda kuoga.

Pakiti ya unga ya kilo mbili, ukiifungua taratibu kwenye maungio yake na kuipangusa vizuri, ni karatasi imara. Nje ina rangi, ndani ni tupu na inakubali penseli. Mfuko wa saruji, ule wa karatasi, una tabaka zaidi ya moja za kaki. Ukung'ute nje ukiwa umefunga pua kwa kitambaa, uchukue tabaka safi. Fundi cherehani ana vipande vya vitambaa vya sare na vitenge anavyofagia kila jioni. Wenye mashine za kuchapa kadi za harusi na vipeperushi mjini wana pembe za karatasi nzuri kuliko utakayonunua. Omba. Salimia kwanza, eleza unataka kufanyia nini, omba. Usiruke ua wa mtu kwenda kuchakura taka zake, maana askari wa langoni hatakuuliza kama wewe ni msanii.

Na hapa nitakuwa mkali, unisikie. Mji wetu huu una viwanda vya ngozi na vya kemikali. Gunia au pipa la karatasi lililobeba magadi makali, asidi au dawa za kusindika ngozi usilipeleke nyumbani, hata likiwa na maandishi mazuri namna gani. Likiwa na alama ya fuvu, au ile ya mkono unaoungua, liache lilipo. Unafanya kazi hiyo chumba kimoja na mtoto anayetambaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hili likivunja, halivunji guu lako peke yako.

Sasa nikukaripie kidogo kuhusu kazi yenyewe.

Nikitazama kazi zenu nyingi namwona mtu aliyejificha. Kila mahali pamebandikwa. Pana midomo ya mrembo wa jarida, pana gari, pana saa ya mkononi, pana neno kubwa lililokatwa kwenye tangazo, halijabaki hata eneo la kidole. Nikiuliza mchoro uko wapi, naambiwa, "Dada, mimi sijui kuchora vizuri, ndiyo maana nabandika." Maneno hayo nimeyasikia mpaka nimeyazoea, na bado hunihuzunisha. Mstari wako uliotetemeka ndicho kitu pekee kwenye ile katoni ambacho mashine haikukichapa mara elfu. Yale mengine yote yana ndugu zao pacha kwenye kila duka la Makongeni. Ukiuondoa mkono wako, umebaki na vitu vya watu vilivyokaa pamoja.

Kuna na wenzako wa upande wa pili. Hao wanajua kuchora, tena sana. Wanachora uso wa msichana kwa penseli, kivuli safi, kope moja moja, halafu wanakumbuka kwamba walitaka kolaji, wanabandika vipande vya kitenge pembeni. Ukivibandua vile vipande, msichana hajapungukiwa na kitu. Basi havikuwa na kazi pale. Hata huko ni kujificha, maana mtu huyo anaogopa karatasi isije ikamharibia mchoro wake, kwa hiyo anaiweka mbali.

Nikupe kipimo changu. Funika kwa kiganja sehemu uliyobandika, utazame. Kisha funika uliyochora, utazame tena. Mara zote mbili picha ikose kitu, ikulilie. Ikikosa mara moja tu, rudi mezani.

Mambo haya mawili yalikutana zamani, na walioyakutanisha hawakuwa na vifaa vya ajabu. Septemba 1912 Mfaransa Georges Braque aliona dukani kule Avignon karatasi ya ukutani iliyochapwa ionekane mbao ya mwaloni. Akainunua, akakata vipande, akavibandika kwenye karatasi nyeupe, kisha akachora kwa makaa bakuli la matunda na glasi. Hilo tu. Ile karatasi ya mbao ikawa meza bila yeye kuchora meza. Mstari wa makaa ukapita juu yake na kando yake, na jicho likalazimika kuamua lipi liko mbele na lipi liko nyuma. Karatasi ilifanya ambalo mstari haukuweza, na mstari ukafanya ambalo karatasi haikuweza. Wakati huo rafiki yake Picasso naye alikuwa ameshabandika kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta kwenye picha yake, mwaka huo huo.

Lakini mimi napenda zaidi kukuonyesha dada yetu Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Yeye alikata majarida yale yale ya mitindo mnayokata nyinyi, na ya pikipiki, na ya wanyama. Tofauti ni kwamba hakumwacha yule mrembo awe mrembo. Alichukua jicho peke yake, mdomo peke yake, gurudumu, manyoya, akavitia kwenye miili aliyoitengeneza kwa wino na rangi inayotapakaa mpaka ngozi ionekane ina maradhi na uzuri kwa pamoja. Kuna zile alizofanya juu ya michoro ya zamani ya kidaktari ya magonjwa ya kizazi cha mwanamke. Akabandika nyuso juu ya viungo vya ndani, na ukizitazama unapata uchungu kabla hujajua kwa nini. Hapo hakuna kujificha. Mkono wake unauona unavyomwaga wino, na mkasi wake unauona ulivyochagua.

Kwa hiyo ukikata uso wa jarida ukaubandika mzima jinsi ulivyo, bado ni wa mwenyewe. Na kusema kweli wapo wenyewe: mpiga picha ana haki yake kisheria, hata kama ni gazeti ulilofungiwa nyama. Ukata, uugeuze, uuchoree juu, uufanye useme ambalo haukuwahi kusema. Na ukitaka kuuza, tumia zaidi picha zako mwenyewe, usije ukaamshwa na mtu usiyemjua.

Gazeti nalo lina lake. Vijana mnapenda Taifa Leo kwa sababu ya maandishi, yanajaza nafasi vizuri. Kumbuka mtu atayasoma. Atakaribia ukutani, atainama, atasoma habari ya wizi wa ng'ombe kwenye shavu la mama yako uliyemchora kwa mapenzi, na hapo picha imeharibika. Soma kila kipande kabla hujakibandika, mbele na nyuma, maana karatasi nyembamba ikilowa gundi huonyesha mgongo wake. Na zile kurasa za matangazo ya vifo, nakuomba, pita. Zile nyuso ndogo zilizopangwa safu zinavutia, naelewa. Lakini kila moja ina mtu anayeililia huko Gatundu au Kandara, na hakukupa ruhusa.

Tukiwa hapo hapo kwenye uchungu, tuseme la picha za nyumbani. Kuna binti alitaka kufanya kazi juu ya nyanya yake aliyefariki, akachukua ile picha moja iliyokuwepo, ya miaka ya zamani, akaikata. Kazi ilitoka nzuri sana. Mama yake hajazungumza naye vizuri hadi leo. Mdogo wangu, picha ya nyumbani haikatwi. Ipeleke saiberi, ikatolewe kopi kwa mashine ya unga wa wino, ile inayotoa karatasi ikiwa na joto, maana kopi hiyo haichuji ikilowa gundi. Zile za wino wa maji hutapakaa na kumfanya nyanya alie machozi ya buluu. Toa kopi nyingi, kubwa na ndogo, upate uhuru wa kukosea. Ile yenyewe irudishe kwenye albamu siku hiyo hiyo kabla haijatafutwa.

Sasa utaniuliza uanze na nini. Anza na unachokijua mpaka kinakuchosha. Chukua vibarua wanaosimama nje ya lango alfajiri wakingoja kuchaguliwa. Umesimama hapo. Unajua baridi ya Julai inavyopanda kutoka kwenye lami, unajua anayechaguliwa anavyoacha kuwatazama wenzake. Miili ikate kwenye kaki na pakiti, kila mmoja kwenye pakiti yake. Usiihangaikie kwa mkasi. Chana kwa mkono, ukingo mweupe unaobaki ni mstari wa bure. Ipange bila gundi kwanza, ilale hivyo usiku mmoja. Kesho utaona wawili wanasongamana na mmoja amesimama mbali bila sababu. Mpe sababu au mrudishe kundini. Ukisharidhika bandika, acha ikauke, ndipo uchukue penseli au makaa. Chora panapotazamwa: mikono iliyotiwa mfukoni, shingo inayonyoshwa kuelekea lango, viatu. Usichore kila kitu. Pakiti imeshakupa mwili na rangi na hata jina la kampuni kifuani, na jina hilo linasema jambo ambalo wewe hukulazimika kulisema. Kazi yako ni pale ambapo pakiti imenyamaza.

Ukikosea mstari, usiufunike haraka kwa kipande kipya. Huo ndio ugonjwa ninaouzungumzia tangu tuanze. Uache mpaka asubuhi. Mistari mingi mnayoifukia ilikuwa hai kuliko iliyobaki juu.

Gundi. Hapa mambo huharibika na watu hukata tamaa wakidhani wao ndio wabovu. Gundi nyeupe ya fundi mbao inafaa; izimue kwa maji kidogo tu. Ukikosa hela, pika ya unga wa ngano: koroga vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, weka motoni ukikoroga bila kuacha mpaka iwe nzito kama uji, iache ipoe. Hiyo haikai zaidi ya siku mbili, na masika mende na ukungu huipenda. Wapo wanaotia karafuu wakati wa kupika ili kuuzuia huo ukungu. Ile gundi ya fundi viatu, ya njano, yenye harufu ya kupanda kichwani, usiitumie chumbani. Unawajua wale vijana wa barabarani wenye chupa mdomoni, unajua inawafanya nini. Wewe ukifunga dirisha ukafanya nayo kazi usiku kucha unavuta kitu kile kile.

Mikunjo inawaliza wengi. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hurudi, na ikibandikwa kabla haijamaliza kutanuka huinuka mapovu. Ipake gundi, ihesabie dakika moja hivi ilegee, ndipo uilaze, ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko. Juu yake weka ile nailoni ya mkate, haishiki gundi, halafu ubao, halafu tofali. Usiku mzima, tena zaidi ikiwa ni Julai. Haraka haraka haina baraka, na kwa gundi methali hii ni ya kweli kabisa. Katoni nayo itapinda kuelekea upande uliobandika, kwa hiyo ibandike karatasi ya ukubwa ule ule mgongoni, zivutane zitulie.

Penseli ikiteleza juu ya gundi iliyokauka au juu ya karatasi inayong'aa, kosa si la mkono wako. Sugua taratibu kwa msasa laini mpaka king'aacho kife. Au saga chaki nyeupe, changanya na gundi nyeupe na maji, paka nyembamba. Ikikauka itashika penseli na makaa vizuri. Makaa ya kuchorea yatengeneze mwenyewe: vijiti vyembamba vikavu kwenye mkebe uliofungwa, tundu dogo juu, weka kwenye jiko mpaka moshi wa tunduni uishe, kisha uache mkebe upoe kabla ya kufungua. Makaa ya jikoni ni magumu, yanakwaruza. Ukimaliza kuchora, omba rafiki wa saluni akupulizie ile dawa ya kushika nywele, kwa mbali, nyembamba nyembamba, mkiwa nje. Ukiipuliza karibu italowesha, na makaa yatatiririka.

Wembe sitakukataza, mtoto akililia wembe mpe. Lakini kata juu ya kipande cha kioo au katoni nene, ukivuta wembe mbali na vidole, na ukichoka acha. Ajali nyingi ni za saa sita usiku baada ya zamu.

La mwisho kwenye vifaa ni jua. Gazeti limetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile inayoufanya mti uwe mgumu, na lignini ikipigwa na mwanga hugeuka njano. Biro nayo hufifia. Kwa hiyo fanya jaribio dogo: chukua kipande cha kila karatasi na kila kalamu unayotumia, funika nusu yake kwa katoni, kibandike dirishani, ukisahau. Baada ya miezi miwili funua. Ukipenda ile njano, itumie ukijua. Kama hupendi, toa kopi ya gazeti kwenye karatasi nyeupe na uchoree wino mweusi wa masizi. Usimuuzie mtu kitu kitakachofifia sebuleni kwake bila kumwambia. Atakaposema "msanii wa Thika alinidanganya" atakuwa amewasema na wenzako.

Na habari ya kuonyesha. Msijifungie. Banana Hill na Ngecha, zote ndani ya kaunti yetu hii ya Kiambu, zina wasanii waliojikusanya tangu miaka ya 1990, watu wa mashamba na vibanda waliosaidiana kuning'iniza kazi zao. Nenda siku ya mapumziko, na kazi mbili tu, zile ulizozipima kwa kiganja. Sikiliza zaidi ya unavyoongea. Ukiambiwa sentensi inayouma, iandike nyuma ya tikiti ya matatu, uisome tena baada ya wiki, maana mara ya kwanza huwa inasomwa na hasira. Na ukisifiwa sana, pia andika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Yule anayekucheka nyumbani usigombane naye. Mwombe kazi: akushikie ubao ukibandika, akuchagulie kati ya kaki na buluu. Mume, mama, dada mnayeishi naye, wengi hucheka kwa sababu hawaoni wanapoingia. Wengine wataendelea kucheka hata hivyo, na utabandika wakiwa wanacheka. Hakuna ubaya mkubwa hapo. Ubaya uko kwenye kusukuma mvunguni.

Kwa hiyo toa ile moja, iliyo chini kabisa, ile uliyoipenda ukaiogopa. Itundike mahali unapoiona ukinywa chai. Iishi hapo mwezi mzima bila kuguswa, na kila ukipita utajua kipande gani ni cha uongo na mstari gani uliufukia bure. Igeuze, mgongoni uandike kwa penseli jina lako kamili, mwaka, mahali, na vifaa vyote: pakiti ya unga, kaki ya saruji, gundi ya mbao, makaa ya kijiti. Usione haya kuandika unga. Kisha ije Jumapili mchana baada ya kanisa, mimi nipo, na nitataka kuiona mbele na nyuma.